Pijo Iliyong'aa Upande Mmoja

Kiganjo, Thika,
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Idah,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, na nikikusalimu natabasamu, maana najua utaisoma barua hii ukiwa umejitupa kitandani na viatu viko miguuni, vile ulivyozoea tangu tukiwa wasichana. Vua kwanza. U hali gani? Joto la Doha limekupunguza, ama mashavu bado yapo? Na kile kikohozi cha Aprili ulichosema kinaletwa na mashine ya kupoza hewa, kiliisha? Niandikie ukweli, usiniandikie ya kunifariji.

Sisi huku tu wazima, Mungu anatubeba. Baridi ya Juni imeshika kabisa, asubuhi hata barabara ya kwenda mjini huioni kwa ukungu. Maitu anavaa sweta mbili na bado, mama ni mama, ananilaumu kwamba nimeacha dirisha wazi. Goti lake lina nafuu. Jioni akiomba anaanza na wewe, halafu mvua, halafu ndiyo sisi tulio naye nyumbani tunakumbukwa.

Lynn yuko kidato cha tatu na amenipita urefu. Baba Lynn bado analinda lango la kiwanda pale Eneo la Viwanda. Anakusalimu kwa Kikamba na anasema mwaka huu hatakubali umjibu kwa Kikikuyu, ameoa kwetu miaka ishirini na mmoja hajaona shukrani.

Shamba lako la Murera nililipitia Jumatano. Mawe ya mpaka yako yote manne pahali pake. Jirani amefunga ng'ombe ndani, nikamwambia aendelee, anakukatia nyasi bure.

Ningekupigia simu, lakini kila tukianza mambo haya tunaishia kulia, na bando linaisha kabla ya machozi. Kwa bahati Obiero wa mlango wa pili anarudi huko Jumatano, amekubali kubeba barua na majani chai.

Basi wacha niingie kwa neno lenyewe. Uliniuliza kama nije nifanye kazi kwa chumba cha kufulia nguo cha hoteli yenu, mkataba wa miaka miwili, na ukasema wanataka jibu kabla mwezi huu haujaisha. Nimekaa wiki tatu kimya. Usidhani ni kiburi, dada yangu. Kuna gari moja nilikuwa naingoja.

Unajua tangu Februari, kiwanda kilipofunga idara yetu ya kutia vitambaa rangi na kutuachisha sisi sote baada ya miaka yangu kumi na tisa, nimekuwa pale Ruiru kwa Kiama, anayeosha magari karibu na baipasi. Kuosha ni kwa vijana wake. Mimi nilifundishwa wiki mbili na mama mmoja wa Juja kazi ya kurudishia gari nzee sura: viti, dashibodi, taa zilizoingia ukungu, rangi iliyofifia. Kiama alinipa kona yenye mabati matatu. Akaniambia, "Mathe, mimi na wewe hatuna noma. Lakini kona ikikaa bila watu hadi mwisho wa Juni, kuna jamaa wa kuuza mayai na soseji za smoki anaitaka, ananisumbua sana." Kwa hivyo kwako Juni na kwa Kiama Juni. Nikawa kama mtu anasimama kwa mlango wenye upepo pande zote mbili.

Ndipo akaja Mzee Njau wa Murera. Unamkumbuka, yule anayekaa kiti cha pili kanisani na kukohoa mahubiri yakiwa marefu. Alikuja na pikapu yake Pijo, namba za KAA, buluu. Nikisema buluu namwamini tu mwenyewe, maana mimi niliona kitu cha rangi ya jivu la kuni. Akashuka akasema anataka ionekane gari ya heshima kabla ya tarehe kumi na nne, kwa sababu siku hiyo atamwoa Mama Ciku.

Usicheke. Wameishi pamoja miaka thelathini na minane, wana wajukuu, lakini ndoa haikuwahi kubarikiwa kanisani, na miaka hiyo yote wakati wa meza ya Bwana wao wanabaki wameketi huku wengine wanasimama. Mwaka huu Mama Ciku alisema imetosha. Watoto wakataka kumkodishia gari ndefu nyeupe, akakataa kabisa. Alisema gari iliyobeba nyasi zake za nepia na maziwa yake ndiyo itambeba kwenda kanisani, na kama Pijo haifai kumbeba basi na bwana harusi hafai.

Idah, ile gari! Kati ya kebini na karia ya mizigo mahindi mawili yalikuwa yameota, yana majani. Chini ya siti nilitoa kamba, kiatu cha mtoto, na kitu nilichofikiri ni sabuni kumbe ni maziwa yaliyokauka mwaka gani sijui. Nilitoa zulia lote nikalianika. Viti vya reksini nilivisugua kwa brashi na siki hadi michirizi ikaonekana. Dashibodi niliisafisha kwa mswaki, tundu kwa tundu. Siku mbili hizo nilikuwa na furaha, nikiimba. Mzee Njau ameketi kwenye kopo la rangi lililogeuzwa, chai mkononi, hatoi macho kwa gari yake hata dakika.

Siku ya tatu nikaingia kwa rangi. Yule mama wa Juja alinifundisha ubandike utepe wa karatasi katikati ya boneti, ufanye upande mmoja kwanza uone rangi inasemaje. Nikabandika. Nikaanza upande wa kushoto ukiitazama gari kwa mbele, ule wa dereva, kwa mkono, dawa ya kusugulia kidogo, kitambaa cheupe, mzunguko mdogo mdogo. Boneti, bawa la gurudumu, mlango. Na kweli buluu ikatoka chini ya lile jivu, buluu ya sare ya shule siku ya kwanza ya muhula.

Halafu nikageuza kitambaa nikaona nacho ni buluu.

Nilikauka pale pale. Wewe hukufanya kazi kiwandani, kwa hivyo nikueleze. Kwetu kitambaa kikitoka kwa mtambo kinasuguliwa na kipande cheupe. Kipande kikibaki cheupe, mzigo unaenda. Kikishika rangi, mzigo unarudishwa na aliyeutia rangi anaitwa ofisini. Miaka kumi na tisa niliishi nikiogopa kipande kilichoshika rangi. Sasa nimekishika mimi, na gari ya harusi iko mbele yangu.

"Mama Lynn," Mzee Njau akaita kutoka kwa kopo lake, "hiyo kwa kitambaa ni nini?"

Sikuweza kudanganya. "Ni rangi, mzee."

"Rangi ya nani?"

"Ya gari."

"Ngai! Nimekuletea gari uioshe, wewe unaivua nguo?"

Vijana wa Kiama walicheka hadi mmoja akaangusha mpira wa maji. Mimi nami, badala ya kumwambia mzee angoje, niliomba msamaha. Nilisema pole, pole sana, nimeharibu. Nilijihukumu kabla mtu hajanihukumu. Mzee akabandua ule utepe kwa mkono wake, akaingia, akaondoka na Pijo yake inang'aa upande mmoja.

Jumapili iliyofuata ndiyo ilikuwa tangazo la tatu la ndoa yao. Nilifika kanisani nikakuta wanaume wameizunguka ile gari. Ukisimama kushoto, unaona gari imetoka dukani. Ukizunguka kulia, unaona kitu cha kuwekea kuku. Kaleli, yule wa kwaya mwenye sauti nzito, akapaza sauti, "Njau, mbona hukutuambia una wawili? Huyu wa kushoto ndiye bibi mdogo?" Mwingine akamjibu, "Wacha, mchungaji akiuliza kama kuna pingamizi, gari itasimama yenyewe." Watu wakashika mbavu. Mzee Njau hakucheka. Akasema kwa sauti ya watu wote, "Ni huyu Mumbi, Mama Lynn, amenivua nguo huko Ruiru." Nilipita nikiangalia viatu vyangu. Hata wimbo wa kwanza sikuuimba.

Jumatatu Kiama akaniambia kwa upole, na upole wake ndio uliniuma, "Mathe, mteja akitoka hapa akipiga nduru, hata bodaboda haiingii." Nilipotoka hapo nilipitia studio nikapiga picha za pasipoti. Nakuambia ili ujue nilifika karibu kiasi gani. Nilimwambia Mungu, kama ni Doha, sawa, lakini nionyeshe waziwazi, maana mimi ishara ndogo sizielewi.

Hakunionyesha mbinguni. Alinionyesha kwa beseni. Jumanne nilikuwa nafua vile vitambaa vitatu nilivyosugulia Pijo, nikaviweka sambamba ukingoni. Cha kwanza kilikuwa na uji mzito, buluu iliyochanganyika na weupe kama chaki. Cha pili kimepungua. Cha tatu, kile nilichomalizia mlango, kilikuwa karibu safi. Nikaketi chini hapo hapo kwa maji.

Idah, hata kiwandani, kabla ya kile kipimo cha kipande cheupe, kitambaa kilikuwa kinafuliwa kwanza. Maji ya kwanza yanatoka yamejaa rangi, kwa sababu kuna rangi inayokaa juu tu, haikushika. Hiyo lazima iondoke. Msimamizi wetu wa zamani, Kivuva, alikuwa anawaambia wasichana wapya wakishtuka, "Msiangalie maji ya kwanza. Niiteni kwa ya mwisho." Gari za zamani hazina ule ukoko kama kioo unaowekwa juu ya rangi siku hizi. Ukisugua, unagusa rangi yenyewe, na ile ya juu iliyouawa na jua miaka thelathini inatoka kwanza. Nilikuwa nafua, na mimi nikaipima kama nimeshamaliza. Kazi ilikuwa sawa. Ni mimi niliyeiacha katikati.

Nilimpigia Mzee Njau, akakata. Nikapiga tena, akakata. Jumatano nikafunga vitu vyangu kwa ndoo nikaenda Murera mwenyewe.

Mama Ciku ndiye alinipokea, mikono ina unga. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mzee ameegesha Pijo ukutani kwa zizi, upande mbovu ukiangalia ukuta, ili wageni wakianza kufika waone kushoto tu. "Na siku ya harusi tutaenda kanisani tukiegemea ukuta?" akaniuliza. Nilicheka mara ya kwanza wiki hiyo.

Mzee akatoka. Hakunisalimu. Nilitoa leso yangu nyeupe nikasugua mlango wa kushoto kwa nguvu, nikamwonyesha. Safi. Nikajipenyeza kati ya gari na ukuta, nikasugua wa kulia. Leso ikawa buluu. Mama Ciku akasema, "Kwa hivyo inayotoa rangi ni ile ambayo hajaigusa." Mzee akaninyang'anya leso akajaribu mwenyewe, kushoto, kulia, kushoto tena, akiitazama mbele ya jua kama mtu anatafuta noti bandia.

Nilimwona ameanza kulegea. Na hapo, Idah, nilikuwa na neno lingine ambalo ningeweza kulimeza. Pembeni ya taa ya kushoto, pale boneti inapokunja, nilikuwa nimekandamiza sana siku ile. Rangi iliisha, ile ya kijivu ya chini ikatokea, pahali padogo kama ukucha wa kidole gumba. Yeye hakuwa amepaona. Moyo wangu uliniambia nyamaza, umeshashinda. Lakini singeweza kuomba nimalize gari ya mtu huku nimemfunika kitu. Nikampeleka, nikaweka kidole hapo. "Hapa niliharibu, mzee. Pembeni rangi huwa nyembamba, nami nilikuwa na haraka. Hapa hapatarudi kwa kusugua."

"Siku ile hukuniambia."

"Siku ile nilikuwa naogopa."

Nikajua nimejichongea. Halafu Mama Ciku akainama akapapasa pale kwa kidole chake chenye unga, akasema, "Hata mimi pembeni nimekwisha, na Jumamosi huyu mtu ananioa. Mpe gari amalize."

Mzee alisema gari haitoki boma lake tena. Basi nikafanyia kazi hapo hapo, Alhamisi na Ijumaa, kando ya zizi, ng'ombe wakinipumulia mgongoni. Alhamisi alinisimamia kama polisi. Ijumaa asubuhi akasema nasugua polepole. Nikampa kitambaa. Alianza na mlango wa kulia, mlango wa Mama Ciku, na hakutaka nimguse mkono kumwelekeza. Kila akigeuza kitambaa akiona buluu inapungua alikuwa ananguruma kidogo, kama mtu ameonja mchuzi mzuri. Nta tulipaka pamoja. Pale palipoisha rangi nilipagusa kwa brashi ndogo. Ukijua, utapaona. Sikumficha hilo pia.

Nikiwa huko, Kiama akapiga simu Ijumaa mchana. Aliona siji, siku tatu kona iko tupu, akampa yule jamaa wa mayai. Alisema, "Pole mathe, biashara." Nikamwambia asante kwa miezi aliyonivumilia, na nilimaanisha. Lakini nilipokata simu nilienda nyuma ya zizi nikajifanya natafuta maji.

Jumamosi kulikuwa na ukungu, halafu jua. Pijo iliingia uwanja wa kanisa polepole, Kagwe, kijana wao mkubwa, akiendesha, utepe mweupe mmoja tu mbele. Wale wale wa Jumapili walizunguka kushoto, wakaenda kulia, wakarudi kushoto. Kaleli akasema, "Haya, sasa ni bibi mmoja." Mlango wa kulia ukafunguliwa, Mama Ciku akashuka na gauni la rangi ya maziwa, akashika ule mlango kujishikilia, halafu akaangalia kiganja chake. Kilikuwa safi. Akanitafuta kwa macho kati ya watu wote wale.

Walipoitwa kwa meza ya Bwana walienda wawili, mzee akimshika kiwiko. Hakukohoa hata mara moja. Nililia, sikufichi.

Wakati wa chakula boma likiwa limejaa, mzee alisimama kutoa shukrani. Alishukuru Mungu, mchungaji, wapishi. Kisha akasema, "Jumapili iliyopita nilisema mbele yenu kwamba Mumbi amenivua nguo. Leo naomba mnisikie vizuri kama siku ile. Nilimkimbia fundi kabla hajamaliza. Mumbi, nisamehe." Mwanaume wa miaka sitini na saba, mbele ya wakwe. Sikujua niangalie wapi. Wanawake wakapiga vigelegele, Baba Lynn akanisukuma nisimame.

Na kabla sijamaliza wali wangu walikuja wateja wanne. Kaleli ana Datsun. Mwingine ana Pijo kama ile, ya mama yake. Hawa wazee hawawezi kuacha gari zao Ruiru na kurudi nyumbani kwa miguu, roho haziwaruhusu. Wanataka zisafishwe hapo bomani, wao wakiwa wameketi wanaangalia. Kona ya Kiama haingewafikia hata kama ningekaa hapo miaka kumi.

Kwa hivyo jibu langu ni hapana, Idah. Nakuomba usikasirike, maana najua uliinama mbele ya watu kunitafutia hiyo nafasi. Sijui kama wanne watakuwa arobaini. Inaweza kuwa Septemba nitakuandikia nikilia. Lakini miaka kumi na tisa nilitia rangi vitambaa na sikuwahi kuona hata mtu mmoja amevaa kazi ya mikono yangu. Vilikuwa vinaingia kwa lori vinaenda. Jumamosi nilisimama pale nikaona. Siwezi kwenda chumba kingine cha kufulia sasa, hata cha marumaru.

Kama nafasi bado iko, mfikirie Ndanu, niliyefanya naye kazi kiwandani. Yeye anataka kwa moyo wote, hana mtoto mdogo wa kuacha, na ni mwaminifu. Nitamwambia akupigie ukikubali.

Kesho saa moja niko kwa Kaleli. Baba Lynn amenitengenezea sanduku la kubebea vitu, zito kama jeneza, lakini sikumwambia.

Nisalimie dada wote wa ushirika wenu wa Ijumaa, hasa yule aliyekuuguza. Maitu anakusalimu na anauliza utakuja lini, na ukitaja Desemba atakushika hapo. Lynn na baba yake wanakusalimu. Mungu akulinde ukilala na ukiamka, awape wakubwa wako wa kazi moyo laini, na akurudishe kwetu ukiwa mzima na mashavu yako yote mawili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukatalia,

Mumbi, Mama Lynn.